Nge ndani: unga unasaidia?

SWALI: Shangazi shikamoo. Nge wanatusumbua, juzi mmoja katoka kwenye kiatu cha mtoto. Sitaki sumu kali ndani. Nimesikia mdalasini au ule unga wa diatomia unawaua, kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mdalasini usiutegemee, weka kwenye chai tu. Diatomia ndo ina kazi, ni mabaki ya mwani wadogo wa majini yaliyosagwa, inakwangua ile nta ya juu ya ngozi ya mdudu anakauka taratibu, lakini nge anatembea kajiinua miguuni kwahiyo unga haumgusi sana, faida kubwa ni kuua mende na nyenje anaowala. Nyunyiza kiduchu kwenye nyufa na nyuma ya makabati, ukilowa haufanyi kazi. Vaa barakoa, na usinunue ule wa kuchujia maji ya swimingi puli, vumbi lake baya kwa mapafu. Ila ziba uwazi chini ya mlango kwanza! Usiku mulika na tochi ya yuvii, ile ya kukagulia noti, nge anang'aa kijani utamuona tu. Na viatu vya mtoto vikung'utwe kila asubuhi, akiumwa hospitali moja kwa moja.