Hodi si kuingilia

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninatafsiri maelezo ya kiini cha Linux (kernel, moyo wa mfumo endeshi), pale yanapoeleza namna mashine pepe, yaani kompyuta inayoigizwa na programu ndani ya kompyuta nyingine, inavyopata ishara kwamba kifaa fulani kinaihitaji prosesa yake. Nimeandika: "Kiini huingilia kati mashine pepe kupitia irqfd." Mwenzangu anataka "hukatiza". Nani yuko sahihi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Mwenzako. Ningeishia hapo kama kosa hili lingekuwa lako peke yako, lakini hilo "kuingilia kati" nalikuta kila mahali kompyuta inapoelezwa kwa Kiswahili, na limenichosha.

Anayeingilia kati ana pande mbili mbele yake. Wanawake wawili wanagombania zamu bombani, ndoo zinapinduka, jirani anaingilia kati. Neno "kati" lina kazi hapo: ni ile nafasi kati ya mgomvi na mgomvi. Sasa prosesa inapiga hesabu zake kimya kimya. Inagombana na nani?

Na ukiiondoa "kati", unaharibu zaidi. Mfumo ulioingiliwa, kwa Kiswahili cha leo, umevamiwa na wezi. Mpe fundi wa zamu, saa nane za usiku, taarifa isemayo "mashine pepe imeingiliwa". Atachomoa nyaya, atamwamsha bosi wake, atabadilisha nywila zote hadi alfajiri, kumbe kadi ya mtandao imepokea pakiti moja ya data. Sitaji hata maana ya kumwingilia mtu katika hati za mashtaka.

Tazama kinachotokea kwenyewe, kisha utafute neno. Mama yuko jikoni, anakuna nazi. Mlangoni kuna sauti: "Hodi!" Anaweka kifuu chini, anaitika, anapokea mgeni, kisha anarudi kwenye mbuzi yake na kuendelea palepale alipoachia. Prosesa hufanya vivyo hivyo: humaliza agizo lililo mkononi, huhifadhi mahali ilipofikia, humhudumia mbisha hodi, hurejea.

Kwenye mashine pepe mlango ni wa kuchongwa kwa programu. Zamani hodi nyingi zilipitia kwa QEMU, programu inayoiendesha mashine hiyo nje ya kiini, nayo ndiyo iliyomwomba KVM, sehemu ya kiini inayosimamia mashine pepe, aifikishe. Irqfd, iliyoingia Linux 2.6.32 mwaka 2009, ilifupisha njia. QEMU hufungua eventfd, chombo cha Linux cha kupashana habari ambacho ndani yake ni kihesabu cha biti 64, na kumwambia KVM mara moja tu: hiki kikiguswa, piga hodi ya namba fulani. Baada ya hapo vhost, sehemu ya kiini inayohudumia vifaa vya mashine pepe kama kadi ya mtandao, hukigusa yenyewe na mashine ikasikia, bila QEMU kuamshwa. Hata hodi zenyewe ni za aina mbili. Ipo ya kupigwa mara moja na kunyamaza, na ipo ya kuendelea mpaka mwenye nyumba aitike. Hii ya pili ilidai eventfd nyingine ya kurudisha habari kwamba ameitika, ili kifaa kitazame kama bado kina haja.

Hilo lote ni kukatiza. Kitenzi kimetoka kwenye "kata", na hakihitaji hadithi ndefu. Usikichanganye na "katisha": aliyekatisha safari amegeuza, aliyekatizwa usemi anangoja amalizie. Najua wapo wasemao "alikatiza masomo" kwa mtu asiyerudi shule tena. Waseme. Mwanafunzi aliyeacha ameacha, na "acha" lipo tangu babu zetu. Jina la tukio ni katizo, wingi makatizo.

Kuhusu "pepe" hukuniuliza, lakini nitasema. Mkulima wa mpunga anajua pepe ni punje tupu, ganda lisilo na kiini. Mashine unayoitafsiri ina kiini chake kamili ndani, tena imo ndani ya mashine yenye kiini kingine. Neno halikuitendea haki. Ila barua pepe imeshaota mizizi na kuzaa jamaa zake, nami sina nguvu ya kung'oa shamba zima. Iache.

Sentensi yako basi: "Kiini huipelekea mashine pepe katizo kupitia irqfd."