Chombo cha kuondoa nitrati kikinuka mayai viza, kimeharibika

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nafuga samaki wa baharini hapa Mombasa kwenye tangi la lita 300, pamoja na matumbawe laini machache. Maji ya bahari nachota mwenyewe, na yanayopungua kwa mvuke najazia ya kisima, lita 5 hivi kwa siku kwa sababu ya feni. Nitrati, ule uchafu unaobaki majini kutokana na kinyesi na chakula cha samaki, imefika miligramu 80 kwa lita. Fundi amenitengenezea chombo cha kuiondoa: mpira wa robo inchi, mita 15, umezungushwa ndani ya paipu ya PVC, maji yanapita tone moja kwa sekunde na kurudi tangini. Kila asubuhi natia humo sukari na kifuniko cha pombe kali. Wiki hii ya tatu maji yanayotoka yananuka mayai viza. Fundi anasema hiyo ndiyo ishara kwamba bakteria wameshika kazi, nipunguze matone zaidi. Lakini alfajiri nakuta samaki wanahema juu ya maji. Nivumilie?

JIBU: Marahaba. Usivumilie. Sasa hivi toa mpira unaorudisha maji tangini, uelekeze kwenye ndoo. Acha sukari na pombe, washa pampu ya hewa usiku na mchana, kisha uendelee kusoma.

Swali hili naletewa kila mara, na karibu kila mara ndani yake yumo fundi anayesema harufu ni dalili njema. Nimechoka kulisikia neno hilo, kwa sababu linaua samaki. Bakteria tunaowataka, wakikosa oksijeni, hupumua kwa kutumia nitrati. Nitrojeni yake inatoka ikiwa gesi isiyo na harufu yoyote. Chombo kinachofanya kazi yake hakinuki. Harufu huanza pale nitrati inapoisha ndani ya mpira huku chakula cha bakteria, yaani sukari na pombe unayotia, kingali tele. Hapo kundi jingine la bakteria linashika zamu, nalo linapumua kwa sulfati. Maji ya bahari yana sulfati takriban miligramu 2,700 kwa lita, kwa hiyo kundi hilo halikosi mali ghafi hata siku moja. Linachozalisha ni hidrojeni sulfidi, sumu inayomzuia samaki kutumia oksijeni hata kama oksijeni imo majini. Mulika tochi kwenye mizunguko ya mwisho ya mpira wako. Ukiona utando mweusi umeshika ukuta wa ndani, hiyo ni sulfidi ya chuma, na utajua chombo kimekuwa hivyo tangu siku kadhaa kabla pua yako haijashtuka.

Kwa hiyo ushauri wa kupunguza matone ni kinyume kabisa. Harufu ikitokea, unaongeza mwendo wa maji na kupunguza chakula. Mwendo unaupunguza pale tu unapopima maji yanayotoka ukakuta nitriti, maana yake nitrati imevunjwa ikaishia njiani. Siku hiyo usiamini kipimo cha nitrati: vipimo vingi vya matone huigeuza kwanza nitrati kuwa nitriti ndipo vitoe rangi, basi nitriti iliyokuwamo tayari inahesabiwa nayo, na namba inapanda bila sababu. Lenga maji yatoke yakiwa bado na nitrati kidogo, miligramu 2 hadi 5 kwa lita. Anayekuambia utafute sifuri anakupeleka kwenye sulfidi.

Kuhema kwa alfajiri kuna sababu mbili zinazosaidiana. Moja ndiyo hiyo sumu. Ya pili ni chakula unachotia: kisicholiwa ndani ya mpira kinatoka na maji, bakteria wa tangini wanakishambulia na kumaliza oksijeni. Maji ya bahari yenye joto la nyuzi 28 hata yakishiba hewa hayabebi oksijeni zaidi ya miligramu 6 na ushei kwa lita, na usiku mwani nao unaitumia badala ya kuizalisha. Akiba yenyewe ni ndogo tangu mwanzo.

Halafu kuna stima. Ikikatika, pampu inasimama, na maji yaliyolala ndani ya mpira yanageuka sumu kwa saa chache. Stima ikirudi, yote yanasukumwa tangini kwa mkupuo. Mwenye chombo cha aina hii lazima awe na ndoo ya kupokea maji ya kwanza kila baada ya stima kukatika, mpaka harufu iishe. Sijawahi kumwona fundi anayemwambia mteja wake jambo hili.

Sasa tupige hesabu ambayo haikupigwa kabla ya kununua mpira. Tangi la lita 300 lenye nitrati 80 lina gramu 24. Tone moja kwa sekunde ni lita 4 na kidogo kwa siku, kwa hiyo hata chombo kikiondoa nitrati yote iliyomo katika maji hayo, kitatoa takriban theluthi ya gramu kwa siku. Ukibadilisha robo ya maji, lita 75, unatoa gramu 6 kwa asubuhi moja. Chombo kitahitaji siku 17 kufika hapo.

Na hayo maji ya kisima umeyapima? Visima vingi vya mjini pwani vimezungukwa na vyoo vya shimo, na nitrati humo si jambo la ajabu. Shirika la Afya Duniani linaruhusu hadi miligramu 50 kwa lita katika maji ya kunywa, hivyo kisima chenye 40 kinapita kwa binadamu bila shida. Lakini mvuke unaondoka na maji peke yake, nitrati inabaki. Lita 5 kwa siku za kisima kama hicho zinaingiza gramu 6 kwa mwezi, yaani tangi lako linapanda miligramu 20 kwa lita kila mwezi hata usipomlisha samaki mmoja. Pima kisima leo. Ukikuta nitrati, jazia maji yaliyochujwa kwa mashine ya osmosi. Maji ya bahari nayo yachote mbali na mlango wa mto, na usiyachote baada ya mvua kubwa.

Ukishusha nitrati hivyo kidogo kidogo mpaka chini ya 20, matumbawe yako laini yatakaa vizuri, na huenda usikihitaji chombo tena.

Wengine mnaosoma, jihadharini na wanaoziuza njia hizi kwa mkato. Kuna chupa za bakteria zinazoahidi kumaliza nitrati kwa siku mbili katika tangi lenye hewa kila mahali. Bakteria hao hawawezi kazi hiyo kwenye oksijeni, hata wawe wengi kiasi gani. Kuna wanaotia chang'aa badala ya pombe inayojulikana kilichomo. Na sasa wapo wanaojaza vyombo salfa ya unga, ile ya kunyunyizia mikorosho. Njia ya salfa ipo kweli na inafanya kazi bila sukari wala pombe, lakini inataka salfa safi ya punje, maji yapite katikati yake bila kuziba. Unga unaganda, maji yanatafuta upenyo mmoja, na kwingine kote kunaoza. Isitoshe, bakteria wa salfa wanatengeneza asidi: maji yanatoka na pH iliyoshuka na lazima yapitie kwanza kwenye changarawe za matumbawe makavu kabla ya kurudi tangini. Mtu akikuletea mfuko wa unga na asikuulize changarawe ziko wapi, mrudishie mfuko wake.