Kumhoji Mfanyakazi Anayeondoka Kuna Faida Gani?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni afisa utumishi katika hoteli moja jijini Arusha. Wapishi na wahudumu wetu huacha kazi mara kwa mara, na karibu wote huandika kwamba wanaondoka kwa "sababu za kifamilia". Nimependekeza tuzungumze na kila anayeondoka, lakini meneja anasema huko ni kupoteza muda. Je, ni kweli?
Msomaji, Arusha

JIBU: Ndugu msomaji, meneja wako angekuwa na haki kama barua hizo zingesema kweli yote. Barua ya kuacha kazi huandikwa kwa tahadhari, kwa kuwa mwenye kuiandika bado anasubiri malipo yake ya mwisho na huenda akahitaji kusemewa vizuri kwa mwajiri mpya. Kwa hiyo "sababu za kifamilia" zaweza kufunika ratiba ya zamu inayobadilishwa ghafla, bakshishi isiyogawanywa kwa haki, au msimamizi mwenye matusi. Waliobaki kazini wanayajua hayo, ila wanaogopa kuyataja. Anayeondoka hana sababu kubwa ya kuogopa, mradi ninyi wenyewe msimpe sababu hiyo.

Hapo ndipo waajiri wengi wanapokosea: humhoji mtu huku haki zake zikiwa bado mezani kwao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri atoe hati ya utumishi ajira inapokoma, iwe mmeagana kwa wema au kwa ubaya. Kamilisheni hati na hesabu za malipo kwanza, kisha mketi naye. Kwa mfanyakazi wa mshahara wa mwezi, notisi kwa kawaida haipungui siku 28, hivyo nafasi mnayo.

Mhojaji asiwe msimamizi wake. Badala ya kumuuliza kwa nini anaondoka, swali ambalo amekwisha kulitayarishia jibu, muulize ni lini alianza kufikiria kuondoka na siku hizo kulitokea nini. Msimbishie, wala msimbembeleze abaki. Msimwahidi siri msiyoweza kuitunza pia: akieleza unyanyasaji wa kingono au wizi, mtalazimika kuchunguza.

Neno la mtu mmoja aliyekasirika si ushahidi wa kutosha, lakini wapishi watatu wa jiko moja wakitaja jambo lile lile katika nyakati tofauti, meneja anapaswa kusikiliza, hata kwa hofu ya kesi tu. Sheria hiyo hiyo humhesabu mfanyakazi kuwa ameachishwa kazi pale mwajiri anapomfanya ashindwe kuvumilia kuendelea, ingawa barua ya kuacha ameiandika kwa mkono wake, na madai ya namna hiyo huishia mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mpelekee meneja muhtasari wa malalamiko yanayojirudia, bila majina, pamoja na gharama ya kutafuta na kufundisha mpishi mmoja mpya.