Neno nililolikosea kwenye simu

Bint ami yangu alipimwa kliniki ya wajawazito huku Kisauni, Mombasa, akaambiwa ana VVU, yaani virusi vya Ukimwi. Habari ilipofika kwa mamangu, ilikuwa "ana Ukimwi." Aliyeigeuza ni mimi, kwenye simu, usiku uleule, wala sikuona kosa. Kulipokucha, shangazi alishamtengea kikombe na sahani yake.

Mshauri wa kliniki alinitaka nilitamke jina la ugonjwa kwa urefu wake. Upungufu wa Kinga Mwilini. "Haya, huyu kinga yake imepungua?" Karatasi ilionyesha CD4, yaani seli za kinga kwenye damu, zaidi ya 600. Madaktari huutaja Ukimwi seli hizo zikishuka chini ya 200, au mtu akishikwa na magonjwa nyemelezi fulani, yale yanayovamia kinga ikidhoofika, kama vile kifua kikuu. Virusi vyaweza kukaa mwilini miaka mingi kabla ya hapo, na anayeanza dawa mapema huenda asifike huko maisha yake yote.

Ajabu ni kwamba jambo lenyewe tunalijua. Mwaka 2020 Mji wa Kale ulipofungwa kwa sababu ya korona, tulisikia kila siku habari za watu wenye virusi wasiokohoa hata kidogo. Tulielewa mara moja. Kwa VVU tunajitia kusahau.

Basi usingoje kukonda ndipo ukapime. Kukonda ni kwa ugonjwa. Virusi havina sura. Na ukishapewa dawa, usiache kwa kuwa unajihisi mzima. Bint ami alitaka kuacha mwezi wa tatu: "Mbona siumwi?" Haumwi kwa sababu anameza. Dawa huzuia virusi kuzaana, haziviondoi, ukiacha, vinarudi. Yeye aliendelea, kipimo cha wingi wa virusi kikafika mahali havionekani tena kwenye damu. Aliyefika hapo na kubaki hapo hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Mtoto alinyonya maziwa ya mama, akapimwa mara kadhaa mpaka alipotimiza miezi 18. Hana virusi.

Na la kwangu mimi: siri ile haikuwa yangu kuipigia simu, hata kwa neno sahihi.

Shangazi alikirudisha kikombe kabatini na vingine, kimyakimya. Bint ami akaenda Kongowea akajinunulia chake, chenye maua mekundu, na mpaka leo akija kwetu huja nacho mkobani.