Uliza Shangazi: Ukumbi kwanza au posa kwanza?

Shangazi, shikamoo. Mimi ni fundi pikipiki hapa Newala. Nina mchumba Lindi mjini, Mmwera, na kwao wananifahamu ingawa sijapeleka posa. Kaka yangu anasema nilipie ukumbi Lindi mapema, harusi iwe Desemba, maana baba atakuwa ameuza korosho na watu watakuwa na hela za kuchangia. Mkononi nina milioni moja na nusu. Nianzie wapi?
Kijana wa Newala

Marahaba, mwanangu. Hujaposa, ukumbi unaukodi wa nini?

Tafuta mshenga. Awe mtu mzima anayejua kunyamaza, si rafiki yako wa kijiweni. Kabla hajabeba barua, muulize binti kwao mwenye neno ni nani. Wamwera, kama sisi Wamakonde, asili yetu ni ukoo wa mama, na mjomba bado ana nafasi yake hata pale ambapo baba ndiye anayepokea barua. Nimewahi kukaa kwenye mkeka wa posa Mikindani, bahasha imefunguliwa, soda zimenyweka, mara mjomba akaingia: "Nani kawakaribisha hawa?" Tuliondoka na bahasha yetu.

Halafu, katika barua yako kaka kanena, baba katajwa, binti mwenyewe sijamsikia. Kama ninyi ni Waislamu, mahari ni haki yake yeye, si ya wazee, basi muulize anataka nini. Muulize pia kama anaitaka hiyo Desemba.

Maana Desemba ina mambo. Kaka yako ana hoja, ila anahesabu fedha ambayo haijaingia. Minada huanza Oktoba, sawa, lakini korosho ya baba ikishafika chama cha msingi cha ushirika inasubiri zamu ya mnada, ikiuzwa inasubiri malipo yapite benki. Msimu wa 2018 wakulima walizikataa bei za wanunuzi, Serikali ikatangaza itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wapo waliongoja malipo miezi. Mimi nilikuwa mweka hazina wa kamati moja ya harusi, na kadi tulikuwa tumeshazigawa! Na Desemba mvua nayo huwa imeanza. Kwa hiyo taja siku baada ya baba kuona fedha kwenye akaunti yake, kisha uangalie Ramadhani inaangukia wapi, kwani kila mwaka inasogea nyuma siku kama 11.

Siku ikishapatikana, nendeni mapema kwa shekhe au mchungaji wenu, au ofisi ya Mkuu wa Wilaya kama ni ndoa ya Serikali. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya nia ya kuoana itolewe angalau siku 21 kabla. Wengi hulikumbuka hilo suti ikiwa tayari kwa fundi.

Kamati iundwe hapo, si sasa. Nunueni daftari kubwa, mchore safu nne: jina, simu, ahadi, alicholeta. Bajeti ipangwe kwa safu ya nne tu. Ahadi haipiki pilau. Mweka hazina asiwe kaka yako, nimeshamuona ni mwepesi wa kulipa. Na kama kutakuwa na karamu nyumbani Newala, maji ya kununua yaandikwe mstari wa kwanza. Huko juu, watu mia tatu hawanawi mikono kwa dua. Wazee wa Newala watakaokwenda Lindi nao wanahitaji gari, na gari la kukodi likipanda Newala bei yake hupanda nalo.

Hiyo milioni na nusu ni ya posa, mahari na nauli za wazee. Usiitoe hata senti kwa mwenye ukumbi. Siku utakayokwenda kulipia, dai risiti iliyoandikwa tarehe ya harusi yenu, na muulize jenereta kama ipo na mafuta ananunua nani.