Jibu: Kadi ya GB 64 haisomeki kwenye redio ya zamani ya gari

Mkuu uliyeuliza kutoka Mafinga, kadi yako huenda haina ubovu wowote. Kadi za GB 64 hutoka kiwandani na exFAT (mfumo wa kupanga mafaili kwenye kadi), wakati redio nyingi za zamani zinaelewa mfumo wa FAT32 tu. Na Windows, ukiformati kwa kubofya, kwa kawaida haikupi FAT32 kwa kinachozidi GB 32.

Hamisha nyimbo kwanza, hatua hizi zinafuta kila kitu. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika diskpart, kisha mstari mmoja mmoja:

list disk
select disk 2
clean
create partition primary size=30000
format fs=fat32 quick
assign

Hiyo 2 ni mfano tu. Kwako tafuta diski ya takriban GB 59, ndivyo kompyuta inavyoihesabu kadi ya 64. Hapa tulia kabisa: 0 mara nyingi ndiyo diski ya kompyuta yenyewe, na clean haikuulizi mara mbili. 30000 ni MB. Sehemu inayobaki itakaa bure.

Ila kama redio imeandikwa SD tupu, bila HC (alama ya kadi zinazozidi GB 2), usipoteze muda. Hiyo huisoma kadi kwa anwani za baiti, ilhali kadi za HC na XC (kama hiyo yako ya GB 64) hutumia bloku za baiti 512, kwa hiyo kupunguza ukubwa hakusaidii. Ulizia kwa mafundi simu, hata Mwanjelwa ukishuka Mbeya, kadi halisi ya GB 2; hiyo iformati kwa format fs=fat quick, na create partition primary uiache bila size.