Maswali ya Wasomaji: Utumbo Unaojijenga Upya

Ndugu Mhariri, tumefundishwa darasani kwamba utando wa ndani wa utumbo mwembamba huumbwa upya kila baada ya siku chache, na jambo hili likizungumzwa hutajwa jina la Hans Clevers wa Uholanzi. Lakini nikisoma wasifu wake nakuta kwamba alianza kwa kuchunguza seli za kinga ya mwili. Alitokaje huko akafika kwenye utumbo? Je, alibahatisha? (Mwanafunzi wa baiolojia, mwaka wa pili)

Ndugu mwanafunzi, Clevers hakubahatisha, ingawa ni kweli kwamba utumbo haukuwa katika mipango yake. Alizaliwa Eindhoven mwaka 1957, akasoma baiolojia na udaktari katika Chuo Kikuu cha Utrecht, akapata shahada ya uzamivu mwaka 1985, kisha akaenda Boston, Marekani, kufanya utafiti katika taasisi ya saratani ya Dana-Farber. Aliporudi Utrecht swali lake lilikuwa finyu: ni protini gani inayoziwasha jeni zinazoifanya seli changa kuwa seli T, yaani mojawapo ya askari wa kinga ya mwili? Mwaka 1991 kundi lake lilitangaza protini iliyopewa jina la TCF1. Ilishika DNA vizuri, lakini ikiwa peke yake haikuwasha jeni yoyote, na hapo ndipo penye kiini cha habari yote, kwa sababu mtafiti mwingine angeiacha na kutafuta protini yenye matumaini zaidi.

Yeye na wenzake waliendelea kuuliza ni nani mshirika wa protini hiyo. Jibu lilikuja mwaka 1996 kutoka mahali pasipohusiana na kinga hata kidogo: viinitete vya chura. Ilidhihirika kwamba jamaa ya protini hizi za TCF huungana na protini nyingine iitwayo beta-katenini, ambayo hupeleka hadi ndani ya kiini cha seli ujumbe unaojulikana kama ishara ya Wnt, yaani ishara inayokipa kiinitete mpangilio wake wa mwili. Ishara hii ikizidishwa mahali pasipostahili, kiinitete cha chura huota mhimili wa pili wa mwili. Mwaka uliofuata, kundi la Clevers likishirikiana na maabara ya Bert Vogelstein huko Baltimore lilionyesha kwamba katika seli za saratani ya utumbo mpana zilizopoteza jeni ya APC, ambayo kwa kawaida huizuia ishara hii, muungano huo wa TCF na beta-katenini huwa umewashwa bila kuzimwa. Kwa kuwa APC huharibika katika sehemu kubwa sana ya saratani za utumbo mpana, mtu aliyekuwa akifuata seli za kinga alijikuta amesimama katikati ya ugonjwa wa utumbo.

Hatua iliyofuata ndiyo iliyomhamisha moja kwa moja. Mwaka 1998 kundi lake lilichunguza panya waliozaliwa bila jeni ya Tcf4, inayotengeneza mojawapo ya protini za jamaa ya TCF. Panya hao walikufa muda mfupi baada ya kuzaliwa, na utumbo wao mwembamba ulikuwa na seli zilizokwisha komaa lakini haukuwa na seli zinazogawanyika za kuzirithi. Kwa hiyo ishara ileile ambayo ikipita kiasi huleta saratani, ikikosekana hukomesha ujenzi wa utumbo. Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo zito kuliko yote katika kazi yake, hata kuliko yale yaliyompatia tuzo, kwa kuwa liliunganisha saratani na kujijenga upya kwa utumbo katika jaribio moja.

Baada ya hapo ilibaki kuzipata seli shina zenyewe, yaani seli mama zinazozaa seli nyingine zote za utando. Utando wa utumbo una vijidole vinavyofyonza chakula, na katikati ya vijidole hivyo mna vishimo vinavyobeba jina la Lieberkühn, mtaalamu wa Ujerumani wa karne ya 18. Seli huzaliwa chini ya kishimo, hupanda juu ya kijidole zikikomaa, na hubanduka kileleni baada ya siku tatu hadi tano hivi. Kundi la Clevers liliorodhesha jeni zinazowashwa na ishara ya Wnt, likakuta kwamba mojawapo, Lgr5, huonekana tu katika seli chache nyembamba zilizo kwenye sakafu ya kishimo. Mwaka 2007 Nick Barker na wenzake katika maabara hiyo walizitia seli hizo alama ya kudumu ambayo kila mtoto wa seli huirithi. Katika panya utepe wa rangi ulipanda kutoka sakafuni hadi kileleni, ukiwa na aina zote za seli za utando, na uliendelea kuwapo muda mrefu baada ya seli za mwanzo kubanduka.

Haki itendeke pia kwa waliotangulia. Charles Leblond wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, alikuwa ameonyesha tangu miaka ya 1940 kwamba utando huu hujifanya upya daima, na mwaka 1974 yeye na Hazel Cheng walizitaja seli hizohizo nyembamba za sakafuni kuwa ndizo seli shina. Wengi hawakukubali, wakaamini hoja ya Christopher Potten wa Manchester kwamba seli shina ziko juu kidogo, karibu na nafasi ya nne kutoka chini. Alama ya mwaka 2007 iliupa mgogoro huo ushahidi ambao hadubini pekee haikuweza kuutoa.

Mhariri, mume wangu anatibiwa saratani ya tumbo kwa mionzi, na ameharisha sana. Ikiwa mionzi huua seli zinazogawanyika, je, seli shina zikifa zote utumbo hubaki hivyo? (Msomaji)

Pole sana, dada. Kuharisha huko anapaswa kumweleza daktari wake, kwani yapo mambo ya kufanya na dozi huweza kurekebishwa. Kuhusu swali lenyewe, utumbo una akiba. Mwaka 2011 maabara ya Frederic de Sauvage huko California iliziua kwa makusudi seli zote zenye Lgr5 katika panya, na utando ukaendelea kujengwa. Mwaka 2012 kundi la Clevers likaonyesha sababu mojawapo: binti za seli shina ambazo tayari zimeanza safari ya kukomaa huweza kurudi sakafuni baada ya uharibifu na kuwa seli shina tena, mithili ya kijana aliyekwisha hama ambaye hurejea kushika nyumba baada ya msiba. Kinachohitajiwa na kishimo ni mahali penye ishara sahihi zaidi kuliko seli fulani maalumu, na sehemu ya ishara hizo, Wnt ikiwamo, hutolewa na seli za Paneth zinazokaa bega kwa bega na seli shina. Mionzi kwa kawaida hugawanywa katika dozi ndogondogo, na mojawapo ya sababu ni kuzipa tishu zenye afya nafasi ya kupona.

Nimesoma kwamba sasa wanaotesha utumbo ndani ya bakuli. Ni utumbo wa kweli? (Msomaji mwingine)

Ni utando tu. Mwaka 2009 Toshiro Sato, daktari wa Japani aliyekuwa katika maabara ya Clevers, aliweka seli moja yenye Lgr5 ndani ya jeli pamoja na protini chache za kukuza, nayo ikajenga kijipira chenye vishimo vyake na seli za Paneth zake. Vijipira hivi huitwa organoidi. Havina misuli, neva wala mishipa ya damu, lakini hutokana na mgonjwa mwenyewe, na hapo ndipo faida ilipoonekana kwanza. Katika ugonjwa wa kurithi wa sistiki faibrosisi, organoidi za mtu mwenye afya huvimba zikitiwa kemikali fulani, ilhali za mgonjwa huvimba kidogo au hazivimbi kabisa. Dawa inayozifanya zivimbe ina matumaini ya kumfaa mgonjwa huyo, na madaktari wa Utrecht wameutumia mtihani huo kwa wagonjwa wenye mabadiliko adimu ya jeni ambao majaribio ya kawaida ya dawa huwapita.

Tiba ya kupandikiza imeanza taratibu. Mwaka 2022 madaktari wa Tokyo walimpandikizia mgonjwa mwenye vidonda sugu vya utumbo mpana organoidi zilizokuzwa kutokana na utando wake mwenyewe. Kwa waliokatwa sehemu kubwa ya utumbo mwembamba, kundi la Sato lilitangaza mwaka 2021 kwamba lilivua utando wa kipande cha utumbo mpana wa panya, likapanda organoidi za utumbo mwembamba, na vijidole vya kufyonza vikaota hapo. Misuli na mishipa ilikuwa ya utumbo mpana uleule wa zamani, na kwa hiyo hawakuhitaji kuijenga.